Majlisi Niliyokataa Kuifunga

Kwetu Amu, yaani Lamu, aliyefungua majlisi kwa Fatiha ndiye anayeifunga kwa dua. Hakuna aliyeliandika hilo popote; ni adabu tuliyoikuta kwa wazee wetu. Kabla haijafungwa, hanyanyuki mtu. Mwenye njaa hukaa, mwenye safari hukaa, mwenye mtoto analia hutoka nje kidogo akambembeleza kisha akarudi. Udi haupitishwi, marashi hayanyunyizwi, sinia haliingii, mpaka mikono ya yule mzee ishuke usoni mwake.

Mzee huyo nimekuwa mimi kwa muda mrefu: kwenye nikahi, kwenye hitima, kwenye maulidi, kwenye siku za wanafunzi. Niliichukua kuwa ni utumishi na nikamshukuru Mola kwa kunipa sauti ya kuutumikia. Haikunijia hata mara moja kwamba ile mikono miwili, ikikataa kuinuka, inaweza kuwazuia watu wote uwanjani. Nimelijua hilo juzi tu, uzeeni, na watu bado hunisimamisha ndiani kuniuliza kama nimejuta. Sijajuta. Naandika haya wasiwe na haja ya kuniuliza tena.

Mambo yenyewe yanamhusu mwanamke mmoja wa Siyu na bintiye.

Mama huyo nilimjua alipokuwa bado kijana, mjane wa mapema, mwenye watoto wawili, wa kiume na wa kike. Alivuka na yule wa kike mpaka Lamu, akamwacha kwa shangazi yake mtaa wa Langoni, akaniletea chuoni kwangu mkono kwa mkono.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu anauliza sana. Kwetu wamechoka naye."

"Sisi hatujachoka bado," nikamjibu. "Tuachie."

Na kweli aliuliza. Tulipofika kwenye aya isemayo kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mpasuaji wa mbegu na kokwa, wenzake wakitikisa vichwa na kusoma, yeye aliinua kidole.

"Na muhogo, Mwalimu? Muhogo haupandwi kwa mbegu wala kwa kokwa. Hukatwa mti ukachomekwa."

Wasichana walicheka. Nilimwambia swali ni zuri na jibu sina. Akaridhika, kwa sababu alikuwa mtoto anayeridhika na ukweli. Alimaliza Kurani yake, akamaliza shule, akaenda bara kusoma, akasoma mpaka tukapoteza hesabu ya kile anachosoma. Mwisho tukaambiwa ni bayoteknolojia. Neno hilo lilikaa vibaya midomoni mwa watu wa Siyu, wakaliacha. Wakasema tu, "Yuko kwenye chupa."

Niseme kazi yenyewe ilikuwa nini, maana hapo ndipo lilipo jambo.

Muhogo wa Siyu, ule mweupe mtamu unaolika hata mbichi, uliingiwa na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe una hila. Mti husimama mzuri, majani ya kijani, shina limenyooka. Ukiuchimba na kuukata ndani, unakuta mabaka ya kahawia, makavu kama gome. Hauliki, hauuziki, hata mbuzi anaunusa akaenda zake. Na kwa kuwa mbegu ya muhogo ni mti wake wenyewe, kila aliyekata vipande na kuvichomeka shamba jipya aliupanda ugonjwa kwa mkono wake. Watu walihama kutoka shamba hili kwenda lile wakidhani wanaukimbia, kumbe wameubeba kichwani.

Yule binti alianza kuja likizo na kuomba apelekwe kwenye mashamba ya zamani. Alichukua vipande vya ule muhogo mweupe akavifunga kwa magazeti mabichi akaondoka navyo. Huko maabara alikata ncha ya chipukizi, ile ya juu kabisa ambayo ugonjwa haujaifikia, kitu kidogo kuliko punje ya ufuta, akakiweka ndani ya chupa juu ya rojo iliyochanganywa na chakula chake, akakilea. Mara nyingi kilikufa. Kikiishi alikipima, na mara nyingi alikuta ugonjwa bado umo, akakitupa. Wengine walimshauri aachane na muhogo wa Siyu, achukue aina mpya iliyokwisha tengenezwa na wengine, apate jina haraka. Alikataa. Alisema watu wa kwao wanaujua ule, wanaupenda ule, na kazi yake ni kuurudisha ule.

Ilichukua umri wake. Alianza nywele nyeusi akamaliza na mvi chini ya mtandio.

Wakati huo wote mama yake alikuwa Siyu akisemwa. Nimeyasikia kwa masikio yangu, nilipokwenda kule kusoma hitima, wanawake wakizungumza upande wa pili wa ukuta.

"Bi, mwanao ataolewa lini na zile chupa?"

"Wenzake wana wajukuu. Yeye amezaa nini?"

"Amezaa faluda!"

Walisema faluda kwa sababu ile rojo ya chupani hutengenezwa kwa kitu kilekile tunachogandishia faluda ya Ramadhani. Binti mwenyewe ndiye aliyewaeleza, kwa nia njema, wapate kuelewa. Wakaelewa, wakaufanya mzaha.

Nasi wanaume hatukuwa bora. Barazani kwetu hapa mjini alikuwepo bwana mmoja, muuza vitambaa, mtu wa swala tano, aliyeshikilia kwamba kazi ile ni haramu.

"Anabadilisha maumbile ya Mungu, Mwalimu."

"Anaondoa uchafu kwenye muhogo," nikamwambia. "Wewe ukinyoa ndevu zako vibaya namna hiyo, umebadilisha maumbile?"

"Nazungumza dini, wewe wafanya mzaha."

"Basi tuzungumze dini. Watu wa Madina walikuwa wakipandisha mitende yao, dume kwa jike, kwa mikono. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia nini mwisho wake?"

Alijua jibu, alisoma. Waliambiwa kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Yule bwana akaagiza kahawa nyingine. Lakini kunyamaza si kukubali. Wiki iliyofuata alianza upya.

Kisha muhogo ukaja. Ulivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, ndani ya maboksi ya katoni yaliyotobolewa matundu, miche midogo kila mmoja ndani ya kijifuko chake, na yule binti amekaa nayo chini botini akiikinga na maji ya chumvi kwa turubai na kwa mgongo wake. Wanawake wa Siyu waliipanda. Walipochimba mavuno, walikata mbichi palepale shambani, na ndani ulikuwa mweupe. Nililetewa fungu. Nilikula na chumvi na pilipili, nikasema alhamdulillahi, na nikaona ni neema kwamba nimeishi mpaka kuula.

Ungetarajia maneno yabadilike. Yalipungua, hayakubadilika. Watu walikula muhogo wakasema Mungu ameleta baraka, na ni kweli ameleta. Lakini baraka hiyo ilipita mkononi mwa mtu, na mtu huyo hakutajwa. Nilipokwenda kumjulia hali mama yake, mato yameshakwenda, anatambua watu kwa sauti, alinishika mkono akaniambia:

"Mwalimu, mimi sitaki nyumba wala sitaki hija ya pili. Nataka lisemwe. Lisemwe mbele yao, nami niko hai nasikia. Masikio bado ninayo."

Nikamwambia, inshallah. Na mimi nikisema inshallah sina maana ya kukataa kwa adabu.

Hapa mjini tuna siku moja kila mwaka, baada ya maulidi, ya kuwatukuza wenye elimu. Zamani ilikuwa ya waliohitimu vitabu vikubwa vya dini. Mtu huvishwa joho, sifa zake zikatajwa. Sasa imepanuka. Huvishwa daktari, huvishwa wakili, mwaka mmoja alivishwa rubani. Sina tatizo na hilo, elimu yote ni ya Mungu. Tatizo langu siku zote limekuwa jingine: kwamba sisi ni hodari mno wa kuwasifu waliokufa. Mwanachuoni akifa tunajua siku, tunajua saa, tunamfanyia kumbukumbu kila mwaka na watu wanavuka bahari kuja. Akiwa hai hatumwulizi hata kama amepata chakula cha mchana.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara mwenye heshima zake, nikamweleza habari za binti wa Siyu. Sikulazimika kubishana. Alinisikiliza, akawauliza wenzake, akanirudia.

"Mwalimu, tumempitisha. Atavishwa joho."

Nilishukuru. Nilituma habari Siyu. Nikaambiwa mama alioga akakaa tayari na buibui lake jipya siku moja kabla, kwa kuogopa kuachwa na boti.

Siku ikafika. Uwanja wa madrasa ulitandikwa mikeka, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia refu la kijani, binti na mama yake wakiwamo. Mimi nilikaa mwisho wa safu ya wazee, na mgongo wangu ulikuwa karibu kuligusa lile pazia. Alikuwepo mgeni rasmi kutoka bara, mtu mzima mwenye tai, aliyekuwa na boti ya kumrudisha Mokowe. Nilifungua kwa Fatiha. Zikasomwa kasida, wakavishwa wa kuvishwa, mmoja mmoja, na kila mmoja akasemwa: huyu amesoma wapi, kwa nani, amefanya nini.

Kisha mwenyekiti akaita jina la kiume. Nikashtuka, maana nilimjua aliyeitwa. Alikuwa kaka wa binti, mwenye duka la saruji na misumari kule Siyu, mtu mwema mnene. Aliinuka akitazama kushoto na kulia kama mtu aliyeitwa polisi. Akavishwa joho jeusi lenye ukingo wa dhahabu ambalo halikumfunga tumboni.

"Ndugu huyu," mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti, "anapokea heshima hii kwa niaba ya familia, ukoo wenye sifa katika Siyu, kwa mchango wao katika kilimo. Takbiri!"

Takbiri ikapigwa. Kaka akakaa. Akaitwa mwingine.

Basi. Haukutajwa muhogo, haikutajwa maabara, wala umri wa mtu ulioishia kwenye chupa. Nataka niwe mwadilifu: kamati haikukusudia dhuluma. Walifikiri wamemtukuza. Kwetu, mwanamke akiwa na jambo la hadharani, walii wake husimama badala yake. Baba, au ndugu, kama kwenye nikahi. Wakalichukua lile la nikahi wakalileta kwenye elimu. Hakuna aliyefikiri kwamba kwenye ndoa mtu anaweza kumwakilisha mwenzake, lakini kazi ya mikono yake na akili yake, hakuna ndugu anayeweza kuwa ameifanya kwa niaba.

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mama.

"Huyo si mwanangu wa kiume wamemwita? Na yule mwingine? Wamemsema?"

Kisha sauti ya mwanamke mwingine, ya huruma:

"Bado, mama. Watamsema."

"Basi nisubiri."

Nami nikasubiri. Wakaisha wa kuvishwa. Mgeni rasmi akahutubia, akatazama saa yake, akaketi. Harufu ya biriani ilikuwa imeshaingia uwanjani. Mwenyekiti akasema, "Sasa tumwombe Mwalimu wetu atufungie kwa dua."

Waliinua mikono wote. Mimi yangu niliiacha mapajani.

Mwanzo walidhani najikusanya. Kisha nikasikia wakinong'ona.

"Mwalimu amelala?"

"Hajalala, mbona mato yako wazi."

"Basi amenuna."

"Amenuna nini, na biriani ile?"

Mwenyekiti akainama sikioni kwangu. "Mwalimu, dua."

"Majlisi haijaisha."

"Imeisha, Mwalimu. Orodha yote tumeimaliza."

"Mmempitisha mtu mkamvisha mwingine. Mpaka mwenye kazi asemwe, mimi sifungi."

"Mwalimu, mgeni ana boti."

"Boti imefungwa kamba. Itamngoja."

"Biriani itapoa."

"Itapashwa."

Alinyooka, akafuta uso kwa leso, akainama tena. Huko nyuma bwana mmoja mwenye njaa, nadhani ni yule muuza vitambaa, akajaribu bahati yake ya kuifunga yeye. "Al-Fatiha!" akaita kwa sauti kubwa. Baadhi ya mikono ikapanda. Niligeuka nikamtazama tu. Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine, na ya kwake ikashuka mwisho.

"Mwataka tumvue ndugu yake?" mwenyekiti akauliza. Sasa hakunong'ona tena, na safu za mbele zote zilisikia.

"Sitaki avuliwe mtu. Nataka isemwe alichokifanya dada yake. Na nataka aseme mwenyewe, kwa sababu humu hamna mwanamume anayeweza kukieleza. Mimi mwenyewe siwezi."

"Mwanamke? Kwenye kipaza sauti? Mbele ya wanaume wote hawa?"

"Nyuma ya pazia. Elimu ngapi ya Mtume imetufikia kutoka nyuma ya pazia, kwa mkewe, Mama wa Waumini? Na waliokaa upande huu wakimsikiliza walikuwa wanaume wenye ndevu ndefu kuliko zako."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na simlaumu.

"Mwalimu, hili ni jambo la kamati."

"Vizuri. Kamati ifunge."

Hapo alikwama. Alijua, na mimi nilijua, na kila aliyekaa pale alijua, kwamba hakuna mtu wa kamati atakayethubutu kufunga majlisi iliyofunguliwa na mtu aliye hai, mzima wa afya, aliyekaa palepale akiwatazama. Sitasema sikuogopa. Niliogopa kwamba nafanya kibri na kukiita haki. Nikajiuliza moyoni: ingekuwa ni joho langu lililokwenda kwa mwingine, ningekaa hivi? Nisingekaa. Ningeinua mikono nikafunga, nikaenda nyumbani na subira yangu. Subira juu ya haki yangu naijua, nimefundishwa. Lakini sikufundishwa kusubiri kwa niaba ya mtu mwingine anayedhulumiwa mbele yangu, na kama kuna kitabu kinachofundisha hivyo sijakisoma. Nikatulia.

Aliyenyanyuka ni kaka. Alikuja mbele na joho lake limefunguka, jasho linamtiririka, akachukua kipaza sauti mkononi mwa mwenyekiti bila kuombwa wala kuomba.

"Assalamu alaikum. Mimi misumari naijua," akasema. "Ukitaka misumari ya inchi yoyote, njoo dukani. Huu muhogo wa chupa siujui hata mlango wake. Nilipoitwa nilidhani ni kwenda kupokea mzigo wa dada yangu."

Uwanja mzima ulicheka, na mgeni rasmi alicheka kuliko wote. Kaka akalivua joho, akalikunja vizuri, akalipitisha chini ya pazia pamoja na kipaza sauti. "Haya, sema," tukamsikia akimwambia dada yake. "Sema tukale."

Kikafuata kishindo cha kipaza sauti kikigusa kitu, kisha sauti yake.

Alimhimidi Mungu, akamsalia Mtume, akaeleza. Alieleza kama nilivyoeleza hapo juu, ila bora, kwa sababu alikuwa amefanya. Alisema kuhusu ncha ya chipukizi na punje ya ufuta. Alisema kuhusu chupa zilizoota ukungu zikamwagwa zote, umeme uliokatika akapoteza kazi ya msimu mzima. Aliwataja walimu wake mmoja mmoja, kama sisi tunavyotaja masheikh zetu tuliopokea kitabu kutoka kwao: huyu alinifundisha kusoma ugonjwa, huyu alinifundisha kukata, na bibi mmoja mwosha vyombo vya maabara alinifundisha kwamba mkono wenye haraka huingiza uchafu. Alisema wengine kati yao wamekufa na hakuna aliyewavisha kitu. Na alisema kitu ambacho wengi wasingesema siku ya sifa.

"Sikuuponya muhogo wote wa nti hii. Ugonjwa bado upo. Mkichanganya miche safi na vipande vya zamani, utarudi. Kazi haijaisha."

Sauti nyingine ikamkatiza, karibu zaidi na kipaza sauti kuliko yake.

"Waambie umetupa chupa ngapi!"

"Mama, tafadhali."

"Waambie! Wao wadhani ni faluda!"

"Mama, wanasikia."

"Ndiyo nataka wasikie. Lete hapa." Kikasikika kipaza sauti kikinyang'anywa. "Mimi ndiye mama yake. Sioni, lakini najua mpo. Mliniuliza harusini, mliniuliza matangani, mwanangu amezaa nini. Mumekula? Muhogo mweupe mumekula? Basi ndiye huyo mjukuu wangu. Na yeyote aliyemla asiniulize tena."

Upande wa wanawake vigelegele vilipasuka, na si rahisi kuvipata vigelegele kwenye majlisi yetu. Upande wetu wanaume walitazama mikeka. Yule muuza vitambaa alikuwa akitabasamu chini ya masharubu, na mbele ya Mungu namshuhudia kwa hilo.

Nikainua mikono.

Nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu niishike kazi ile nikakuta sina maneno tayari. Dua zote ninazozijua za wenye elimu ni za maiti. Mola mrehemu, mpanulie kaburi lake, mfanye elimu yake iwe nuru yake gizani. Hiyo ndiyo tuliyorithi, na hiyo ndiyo tunayoisoma kwa kilio. Nilikuwa na mwanamke aliye hai, mwenye mvi, mwenye kazi isiyokwisha, na sikuwa na dua yake. Basi nikaomba kwa Kiswahili cha nyumbani. Mola mpe umri. Mpe macho ya kuona kilicho kidogo. Umeme usikatike. Wanaomgawia fedha za kazi yake wasimchoshe. Mpe wanafunzi wanaouliza. Na sisi tulio karibu naye tupe ulimi wa kusema asante kabla hatujaitwa kumzika. Waliitikia amin kila kipande, hata kile cha umeme, ambacho wengine waliitikia kwa nguvu zaidi kwa sababu zao wenyewe.

Baada ya chakula mwenyekiti alinifuata nikinawa mikono.

"Mwalimu, mmetuaibisha mbele ya mgeni."

"Mgeni amekula sahani mbili."

"Si mzaha. Lina utaratibu wake jambo hili. Kila mtu akizuia dua kwa analolitaka, tutafika wapi?"

Lilikuwa neno la haki, nami nikamjibu kwa haki. Nikamwambia asimruhusu kila mtu. Nikamwambia hata mimi sitarajii kulifanya tena, maana lisipokuwa zito halina maana. Lakini nikamwambia pia kwamba tumefundishwa, yeye na mimi, kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na kwamba hakuna mlango wa walii katika shukrani. Hushukuriwa aliyefanya. Akaondoka bila kuniaga.

Mwaka huu sikuitwa. Amepatikana kijana mwenye sauti nzuri, dua yake fupi, inaisha kabla wali haujapoa. Nilikaa nyuma kabisa karibu na viatu, nikaitikia amin kama wengine, na sikuona uchungu. Nimefungua na kufunga majlisi za kutosha. Kwenye orodha walikuwepo wanawake wawili, mkunga mmoja na mwalimu mmoja wa hesabu. Kamati ikawaita walii wao. Mjomba wa yule mkunga, mzee wa Matondoni, hakuinuka. Alikaa chini, akaitupa kofia yake magotini, akamwambia mwenyekiti mbele ya watu:

"Mimi sijazalisha mtu. Mpelekeeni kipaza sauti mwenyewe."

Na wakakipeleka.